Aliyeandika Vichekesho

Ipogolo, Iringa
Alhamisi, saa kumi na moja jioni

Mwanangu Atupele,

Nafasi yako ya kazi ipo palepale. Aliyesema ni Bi. Rehema, mkuu wa kitengo chako kule Mbeya, kwa simu, leo saa nane na dakika ishirini mchana. Hayo uliyasikia mwenyewe. Ulichokosa ni kilichofuata, kwa sababu ulitoka mbio kwenda kumwambia baba yako nyuma ya nyumba, ukaniachia simu mkononi kabla haijakatwa.

Bi. Rehema alidhani bado anaongea na wewe. Nikamwambia, "Ni mama yake."

Akasema, "Basi na wewe mama usikie. Binti yako amenichelewesha wiki mbili, sitamsifia. Lakini jana nimeitazama ile picha mpaka mwisho, na nakwambia, aliyeandika vichekesho kwenye lile jalada hakuitazama."

Aliongeza mengine nitakayoyafikia, nikamshukuru, nikakata simu.

Ni kweli hakuitazama. Aliyeandika ni mimi.

Sasa hivi uko kwa shangazi yako unasukwa, na kwa nywele zako najua hutarudi kabla ya saa moja. Nina saa mbili. Habari za sweta, za kufunga begi na za kukaa upande gani wa basi sitaziandika. Mbeya ni kwa wajomba zako, baridi yake unaijua, na umeshakaa huko mwezi mzima bila mimi. Nitaandika hili moja tu, maana kesho asubuhi stendi kutakuwa na kelele, na mimi nitaanza kukuuliza kama umechukua chaja.

Niyapange mambo kama ninavyopanga habari.

Mwezi wako wa majaribio walikupa picha arobaini na mbili, filamu za watu wa huku kwetu Nyanda za Juu, zilizotengenezwa enzi za DVD na kusahaulika madukani. Kazi yako ilikuwa kuitazama kila moja na kuiandikia aina, ili wanaotafuta kwenye simu zao waipate. Wiki ya kwanza ulikuwa unanipigia unacheka. Ulinisimulia ile ya bibi harusi aliyepandwa na mashetani kanisani. Mchungaji anaombea, bwana harusi anakimbia, mwisho wanaoana. Ulimuuliza mwenzako wa meza ya jirani, "Hii ni ya kutisha, ya dini au ya mapenzi?" Akakujibu, "Angalia jalada. Kukiwa na moshi ni ya kutisha." Nilicheka mpaka baba yako akaja kuchungulia.

Wiki ya tatu ulinipigia, na sauti haikuwa ya kucheka. Ulikuwa umebakiza picha moja. Nayakumbuka maneno kama yalivyosemwa, maana kukumbuka maneno ndiyo kazi yangu.

"Mama, hii picha nimeilia. Halafu jalada linasema vichekesho."

Nikauliza, "Ya nani?"

"Ya mwalimu mmoja wa Tosamaganga. Mwalimu Severini. Kuna mtani amevaa koti la marehemu."

Wewe ulidhani mtandao umekata, ukasema "haloo" mara mbili.

Nikakwambia, "Jalada limeandika vichekesho?"

"Ndiyo."

"Basi andika hivyohivyo. Usianze kazi kwa kubishana na bosi."

Ukasema, "Mama, wewe mwandishi wa habari unaniambia ninakili jalada?"

Nilisema nina chakula jikoni. Sikuwa na chakula jikoni. Uliacha kisanduku cha aina wazi. Mashine yenu haipokei kisanduku kitupu, orodha yote ya picha arobaini na mbili ikakwama, na Bi. Rehema akakurudisha nyumbani usubiri. Baba yako alisema, "Mhehe huyu, mmemuona? Mkimtaka ainame mtamvunja." Alisema kwa majivuno, lakini usiku alikuwa anageukageuka kitandani kama mimi. Kazi ya kwanza, tena uliyoitafuta mwaka na nusu, ilikuwa inaning'inia kwa neno moja, na neno lenyewe ni langu. Wiki mbili nimekula nawe meza moja nikilijua hilo, na sikusema.

Hadithi yenyewe inaanzia Mbeya, nikiwa mdogo. Mtaani kwetu kulikuwa na banda la video la Mzee Hamidu, mzee wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani. Mlangoni aliweka ubao, na kila siku aliandika kwa chaki neno moja: NGUMI, au KIHINDI, au MAJESHI. Sisi watoto tulikuwa na sheria zetu. Picha ya ngumi lazima iwe na steringi na adui, na steringi hafi. Akifa, kaka yangu Ambakisye alikuwa anakataa kabisa. "Hiyo siyo ya ngumi," anasema, "hiyo ni ya mafundisho." Na picha ya mafundisho hakuna aliyeitaka, ilikuwa kama kurudishwa shule siku ya Jumamosi.

Siku moja niliingia saa kumi jioni, ubao umeandikwa NGUMI. Jamaa mmoja anapigana na watu kumi juu ya lori, halafu anaimba bustanini na msichana, halafu anapigana tena. Nikaenda nyumbani. Saa kumi na mbili natumwa sabuni, napita pale, ubao umeandikwa KIHINDI. Kwa ndani nasikia wimbo uleule na ngumi zilezile. Wanawake wamejaa, wana leso mikononi.

Nilimsubiri Mzee Hamidu mlangoni. "Shikamoo babu. Mbona ni picha ileile?"

"Marahaba. Nani kakwambia siyo ileile?"

"Umeandika Ngumi, halafu umeandika Kihindi."

Akacheka. "We mtoto utakuwa polisi. Mimi siandiki picha ni nini. Picha ni nini anajua aliyeitengeneza. Mimi naandika nani aje."

Niliyachukua maneno yale kama ujanja wa mjini, nikayaweka kichwani upande huo. Nilipoanza kazi ya gazeti niliyatumia kwa ujanja uleule.

Ulikuwa darasa la pili. Tulishahamia hapa Ipogolo, na mimi nilikuwa nalitumikia kutoka Iringa gazeti moja dogo ambalo ofisi yake ilikuwa Mbeya. Siku hizi halipo tena. Kila Ijumaa kulikuwa na robo ukurasa wa picha mpya za kwetu. Jina la picha, maelezo mistari mitatu, na aina. Aina zilikuwa tano: mapigano, mapenzi, vichekesho, kutisha, mafundisho. Mhariri wangu alikuwa na msemo wake kwenye simu: "Isiyo na aina haina nafasi."

Mwalimu Severini aliniletea DVD mwenyewe, akiwa na barua iliyopigwa taipu. Alikuwa amestaafu ualimu, amekonda, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Alisema ametumia miaka miwili kuitengeneza na wanafunzi wake wa zamani. Ilikuwa inahusu msiba wa kaka yake, Fidelis. Nilimwambia nitaitazama. Sikumuuliza swali hata moja. Ukitaka kujua kosa langu liko wapi hasa, usiende mbali, liko hapo. Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote, na siku ile mwenye picha alikuwa amekaa mbele yangu, amevua kofia, nikamwambia "asante Mwalimu, tutaona."

Niliitazama Alhamisi mchana, gazeti linafungwa saa kumi na moja. Dakika ishirini za kwanza unazijua. Watu wanalia uani, jeneza limetengwa, halafu anaingia mtani wa Kingoni amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea vilevile kwa kuvuta mguu. Anakaa kwenye kiti cha marehemu, anaagiza chai kwa sauti yake. "Mnalia nini nyie? Huyu amenuna tu. Mhehe akinuna ndiyo mnampeleka kaburini? Mleteeni kikombe cha ulanzi kwanza tuone kama hataamka!" Mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu ofisini, kwa sababu nimekaa misiba ya kwa baba yako, nawajua watani, na yule mzee aliiga vizuri kupita kiasi.

Hapo umeme ukakatika.

Nilisubiri nusu saa, haukurudi. Nikaandika mistari mitatu kwa kalamu, nikampigia mhariri nikamsomea.

"Aina?" akauliza.

Nikajiuliza, umecheka au hukucheka? Nimecheka. "Vichekesho," nikasema.

Umeme ulirudi saa kumi na mbili. DVD ilikuwa bado ndani ya mashine. Niliitoa, nikaiweka kwenye droo.

Jumapili iliyofuata picha ilionyeshwa mjini, kwenye ukumbi mmoja wa mikutano. Mlangoni walikuwa wamebandika kipande cha gazeti langu. Watu walijaa, wengine wamesimama, wana bisi na karanga. Nilikaa nyuma. Mwanzo walicheka palepale nilipocheka mimi. Halafu wakafika sehemu ambayo sikuiona. Msiba umekwisha, watu wametawanyika, na mtani amerudi kwake bado amevaa lile koti. Mkewe anamwambia, "Baba, livue sasa." Hajibu. Anakula nalo, analala nalo. Asubuhi anakwenda shambani nalo. Siku ya tatu anakaa mlangoni, anajaribu kuagiza chai kwa sauti ya Fidelis, na sauti haitoki. Ndipo tunajua kwamba wale wawili walikuwa marafiki tangu utoto, na kwamba kwa sheria ya utani yeye peke yake ndiye asiyeruhusiwa kulia.

Ukumbi ulicheka. Walikuwa wameitwa kucheka, wakacheka. Kijana mmoja akapiga kelele, "Vua koti mzee, litaota fangasi!" na watu wakaanguka mabegani mwa wenzao. Mwalimu Severini alikuwa mstari wa mbele na mjane wa kaka yake. Alisimama, akaenda kwenye mashine, akaizima kabla haijaisha. Akasema, "Samahanini ndugu zangu. Kumbe nimekosea watu." Alisema kwa adabu, kama mwalimu aliyeingia darasa lisilo lake. Watu wakadhani na hiyo ni sehemu ya mchezo, wakampigia makofi.

Jumatatu nilimpigia mhariri, nikamwambia tumekosea, tuweke sahihisho.

"Kosa gani? Watu walicheka au hawakucheka?"

"Walicheka."

"Sasa?"

Sikuendelea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakunizuia, aliuliza tu, na mimi nikaona jibu lake linanifaa. Jina langu halikuwa chini ya ule ukurasa. Msambazaji alipochapa majalada alinakili neno kutoka gazetini, madukani ikapangwa kwenye rafu ya vichekesho, na huko imekaa miaka kumi na mitano. Mwalimu Severini hakutengeneza picha nyingine. Sijui kama ni kwa sababu ile. Sikwenda kumuuliza, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba ni kwa sababu ile.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba kupanga picha ni kazi isiyowezekana, kwa hiyo kukosea siyo kosa. Nusu ya kwanza ni kweli, na wewe umeshaiona. Picha ya Mwalimu ina kifo, ina kichekesho, ina urafiki, na kwa watoto wa banda la Mzee Hamidu ina balaa kubwa zaidi: steringi amekufa kabla picha haijaanza. Ambakisye angeuliza, sasa nani anapigana? Ukiiandika msiba, watakuja watu wenye nyuso za msiba, na yule mzee wa koti wataogopa kumcheka, nao watakuwa wameikosa vilevile. Kucheka kwenyewe hakukuwa kosa. Msibani tunacheka, na hakuna anayetoka pale akasema alikuwa kwenye vichekesho.

Nusu ya pili ni uongo. Ugumu wa kazi haukunizuia kumalizia dakika arobaini zilizobaki, wala kunyanyua simu.

Leo Bi. Rehema hakuwa amemaliza aliposema yale ya jalada. Alisema aliwakalisha watu wawili waitazame pamoja naye. Mmoja alicheka mpaka mwisho. Mwingine alitoka nje katikati, akarudi macho mekundu. Yeye mwenyewe alikumbuka walivyomzika baba yake, na jinsi mtani mmoja alivyozuia jeneza lisitoke mpaka marehemu amrudishie jogoo wake. "Kwa hiyo mama," akasema, "tumebishana sisi watatu kutwa nzima, na kila mmoja yuko sahihi. Nimewaambia mafundi kisanduku kikubali maneno mawili. Na mwenye picha aulizwe. Jibu lake nalitaka Jumatatu."

Ningekuwa mtu wa kulia ningelia hapo. Badala yake niliuliza, "Jumatatu saa ngapi?" Akasema saa mbili asubuhi, na kwamba wewe ndiye utakayekuja nalo.

Nataka ujue nilivyojisikia, maana huwa hunioni nikijisikia. Nilishusha pumzi. Kwanza kwa ajili yako: kazi unayo, na umeipata bila kuandika usichokiamini. Halafu, dakika chache baadaye, kwa ajili yangu. Neno nililolitupa gazetini kwa haraka limepata mtu wa kulikataa, na mtu huyo nilimnyonyesha mimi. Sikukufundisha hivyo. Wiki ya tatu pale kwenye simu nilikufundisha kinyume chake, na ukanikatalia. Nimefurahi ulikataa. Siku nyingine nitakapokupa ushauri unaonuka woga, uliza swali lilelile uliloniuliza siku ile. Linauma, lakini linafanya kazi.

Sina hakika kama utanikasirikia. Una haki. Ulikaa hapa wiki mbili unajiuliza kama macho yako ndiyo mabovu, na mimi nilikuwa na jibu, nikakutazama unafua nguo. Kuhusu picha ilikuwa haraka na umeme. Kuhusu hizi wiki mbili sina umeme wa kusingizia. Niliona aibu mbele ya mtoto wangu, basi.

Ulipokwenda kusukwa nilitafuta namba ya Mwalimu Severini kwa watu watatu, wa tatu akawa nayo. Nimempigia saa kumi kasoro robo.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilimtajia jina langu na kazi yangu. Nikamwambia kuna kampuni ya Mbeya inaitaka picha yake na wanataka kujua ni picha ya aina gani.

"Ipi? Ile ya vichekesho?"

Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unaiita hivyo, Mwalimu?"

"Ndivyo inavyoitwa, mama. Hata wajukuu zangu wanaiita hivyo. Mimi ni nani nibishane na gazeti?"

Sauti yake haikuwa na uchungu. Alikuwa ananieleza jambo, kama mtu anayeelekeza njia. Nikamwambia kuna binti kule Mbeya aliyeitazama mpaka mwisho, akalia, akakataa kuiandika vichekesho mpaka wakamrudisha nyumbani.

Halafu akauliza, "Mpaka mwisho kabisa? Mpaka pale mtani anapokaa mlangoni?"

"Mpaka pale."

"Binti wa nani?"

"Wangu."

Akacheka kidogo. "Basi njoo. Mambo ya Fidelis siwezi kuyasema kwenye simu. Na mjane wake yupo, hili swali yeye naye aulizwe."

Sikumwambia kuwa aliyeandika ni mimi. Kwa simu ingekuwa rahisi mno kwangu, ningeweza kukata. Nitamwambia ana kwa ana, kabla sijamuuliza lolote, ili akitaka kunifukuza anifukuze na mapema. Akinifukuza, nitamwomba jibu akupe wewe moja kwa moja. Namba yako nitamwachia. Baba yako amejitolea kunisindikiza. Nimemwambia abaki.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome leo, usiisomee kwenye basi, nataka kama una neno uniambie usoni. Basi lako linapita hapa saa moja na nusu asubuhi. Mimi nitakuwa Tosamaganga kwa Mwalimu Severini Jumamosi, saa nne kamili, nitakupigia nikitoka huko, na utakachokipeleka kwa Bi. Rehema Jumatatu saa mbili kitakuwa maneno yake mwenyewe.

Mama yako